Mashine na Fumbo la Picha

Msomaji mpenzi, kabla hujauliza kama mashine yaweza kutambua furaha au uchungu uliofichwa katika picha ya mzaha, yakupasa kujua kwamba mafumbo ya namna hiyo ni ya zamani kwetu. Itazame leso ya pwani. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno machache yaliyoandikwa chini ya mapambo. Mwanamke aliyemnunulia jirani yake leso aliweza kumpa pendo, au kumchoma moyo, bila ya kufungua kinywa. Aliyejua habari zao alielewa mara moja. Mgeni aliona nguo tu.

Picha za intaneti ziitwazo mimu, kwa neno lililobuniwa na Richard Dawkins wa Uingereza mwaka 1976, ni ndugu wa leso hiyo. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mpiga kura mmoja wa Nairobi alipigwa picha akila githeri katika mfuko wa plastiki, hali yumo katika foleni. Picha ilienea nchi nzima, na watu wakambandika kando ya wakuu wa mataifa. Mashine yaweza kuona mtu, mfuko, mahindi na maharagwe. Bali kicheko kilitoka katika wasiwasi wa siku ile, na utulivu wa mtu aliyekula kana kwamba hakuna la kuogopa. Hayo hayamo katika picha. Yamo nyoyoni mwa watazamaji.

Mwaka 2020 kampuni ya Facebook ilitoa mimu zipatazo 10,000 za Kiingereza, ili mashine zijaribiwe kutambua zilizo na chuki. Binadamu walipata asilimia 85 hivi. Mashine bora ya watayarishaji ilipata 65 hivi. Sababu yake si ngumu. Tuseme wewe wa Kiserian wapiga picha ya mfereji mkavu, kisha waandika juu yake, "Leo tunaogelea." Mfereji peke yake ni huzuni, maneno peke yake ni furaha, vikikutana huwa kejeli. Kukutana huko ndiko kulikozishinda mashine.

Tangu hapo mashine zimeendelea, na baadhi zaweza kueleza kejeli kama hiyo. Lakini hazikujifundisha. Mkusanyo uitwao AfriSenti, uliotolewa mwaka 2023, una jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ni wenyeji wa lugha hizo walioamua kama ujumbe ni wa kupendeza, wa kuchukiza, au si huu wala huu.

Usidhani kwamba jambo hili ni mchezo. Leo mashine husaidia kuamua ni ujumbe gani ubaki na upi ufutwe. Isiyojua utani wetu yaweza kufuta mzaha wa marafiki, ikaliacha tusi lililovikwa fumbo. Wahenga walinena, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mashine itakuwa na werevu kwa kadiri ya walioifundisha. Basi ijue vema lugha ya nyumbani kwako, iwe Kimaasai au nyingine, ukijue na Kiswahili. Maana usipoyafasiri mafumbo ya kwenu wewe, atayafasiri mgeni aonaye nguo tu.