Zebaki Inaondoka, Kipimo Chake Kinabaki

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, magharibi mwa Uganda, baba mdogo alipotuletea mashine ya kupimia presha. Tulimpima bibi, zikatoka namba 21.3 kwa 13.3. Kadi yake ya kliniki ilionyesha 160 kwa 100. Tulishangilia kwamba presha imeshuka, naye bibi akauliza kama sasa aache vidonge. Kabla hatujamjibu, niliona kwamba mashine iliandika kPa, ilhali kadi iliandika mmHg. Presha ilikuwa ileile. Katika insha hii ninaeleza jinsi kitu kimoja kilivyopata vipimo viwili, na kwa nini kubadili vizio si hesabu tu, bali pia ni historia.

Kizio cha mmHg, yaani milimita za zebaki, asili yake ni Italia. Mwaka 1643, kwa wazo la Evangelista Torricelli, bomba la kioo lililozibwa upande mmoja lilijazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki haikumwagika yote, bali ilisimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Torricelli alieleza kwamba kinachoishikilia ni uzito wa hewa ya nje. Tarehe 19 Septemba 1648, kwa ombi la Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na bomba kama hilo. Huko juu, zebaki ilisimama chini zaidi kuliko mjini. Basi urefu wa zebaki ukawa kipimo cha shinikizo.

Madaktari waliurithi urefu huo. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia aliunganisha mkanda wa kufunga mkononi na safu ya zebaki. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaongeza mbinu ya kusikiliza mshipa. Kuanzia hapo, hata mpaka unaojulikana sana wa 140 kwa 90, umeandikwa kwa milimita za zebaki.

Wanafizikia, kwa upande wao, walitaka kizio kisichotegemea kimiminika chochote. Walichukua nguvu ya nyutoni moja kwa mita mraba moja, na mwaka 1971 kizio hicho kikapewa jina la paskali. Shinikizo la kawaida la hewa ni paskali 101,325, au milimita 760 za zebaki. Ukigawanya, utaona kwamba milimita moja ni paskali 133.3 hivi, na kilopaskali moja ni milimita 7.5. Namba za bibi, 21.3 na 13.3, ukizizidisha kwa 7.5 unapata takribani 160 na 100.

Wapo watakaosema kwamba hospitali ziachane na milimita za zebaki, hasa kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaviondoa vifaa vya zebaki kwa sababu ya sumu yake. Ninakubali kifaa kiondoke. Lakini kizio kimebeba kumbukumbu ya wagonjwa na wahudumu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kukibadili ghafla kunaweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

Bibi anaendelea na vidonge vyake. Mimi nimerekebisha mashine isome mmHg, na kila namba ninayoandika kwenye daftari lake naiandikia kizio pembeni.