Kamati ya Ukombozi na Mpaka wa Songea

Neno kukomboa lilikuwamo katika Kiswahili zamani, kabla ya siasa za karne ya 20. Maana yake ya kale ni kulipa ili kurudisha kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu utumwani kwa fidia. Mei 1963 nchi 32 zilipounda Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Addis Ababa, neno hilo lilipewa kazi mpya katika jina la Kamati ya Ukombozi. Lakini swali la nani alipe fidia lilibaki palepale.

Kamati ilianza na wajumbe wa nchi 9, na makao yake yakawa Dar es Salaam. Maazimio ya Umoja yalipita kwa theluthi mbili za kura, wala hapakuwa na chombo cha kuzilazimisha dola kuyatimiza. Kila nchi ilitakiwa kuchangia mfuko maalumu. Baadhi zilichelewa, na nyingine hazikutoa kitu. Nguvu kubwa ya Kamati ilikuwa kuvitambua vyama vya wapigania uhuru na kuvigawia misaada. Kwa Msumbiji ilikitambua FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962. Kwa Angola nchi wanachama hazikupatana, na vyama zaidi ya kimoja vikatambuliwa kwa nyakati mbalimbali.

Katika Songea mambo hayo yalionekana waziwazi. FRELIMO ilipoanza vita Septemba 1964, Tanzania iliwaachia wapiganaji wake njia ya kuvuka mto Ruvuma kuingia Niassa, na wakimbizi wakapewa ardhi Muhukuru. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, mwanachama wa Umoja uleule, iliendelea kusikilizana na Wareno. Si haki kulitazama jambo hili kama tofauti ya mioyo ya viongozi tu: Malawi haina pwani, na shehena zake zilipita kwa reli hadi bandari ya Beira, iliyokuwa mikononi mwa Wareno.

Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975, na Kamati ikavunjwa mwaka 1994. Azimio lilikuwa la wote, lakini utekelezaji wake uliwaangukia zaidi waliokaa jirani na vita. Michango ya dola huhesabiwa kwa fedha. Ardhi iliyogawanywa na hofu ya mpakani havina safu katika hesabu hizo, ingawa navyo vilikuwa sehemu ya fidia.