Hesabu za wageni wa Ngome ya Yesu: Jinsi hifadhidata inavyogeuzwa chati mtandaoni

NGOME ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwenye mlango wa bandari ya kale ya Mombasa, imepitia mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na hesabu zake. Makamanda walihesabu askari na mizinga. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, ngome ilipokuwa gereza, waliohesabiwa ni wafungwa. Tangu makumbusho yafunguliwe humo mwaka 1962, wanaohesabiwa ni wageni, na hesabu hiyo imepata uzito zaidi tangu shirika la UNESCO liitie ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Hesabu ya wageni si kazi ya karani wa mlangoni peke yake. Watembezaji watalii, wauza kanga na vinyago wa Mji wa Kale na wenye mashua za matembezi hupanga riziki zao kwa kutazama misimu ya wageni. Wanaotunza kuta za mawe ya matumbawe huomba fedha za ukarabati wakiwa na takwimu mkononi. Ikiwa chati inayoonyeshwa kwenye tovuti imekosewa, wote hao huamua mambo yao kwa msingi wa kosa. Ndiyo sababu yafaa kufahamu namna data iliyolala ndani ya kompyuta inavyofika kwenye skrini ya msomaji ikiwa mchoro.

Tiketi moja, watu sitini

Hifadhidata ya kawaida ni mkusanyiko wa majedwali. Mpangilio huo ulitokana na nadharia iliyochapishwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM. Kila tukio hupewa mstari wake na kila sifa ya tukio hupewa safu yake. Kwa makumbusho, tukio ni kukatwa kwa tiketi, na sifa zake ni tarehe, saa, aina ya mgeni, idadi ya watu na fedha zilizolipwa. Aina za wageni ni muhimu kwa sababu viingilio hutofautiana: raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wa nchi nyingine hawalipi sawa, na watoto hulipa pungufu ya watu wazima.

Hapo ndipo kosa la kwanza hujificha. Ichukuliwe kwamba shule moja imeleta wanafunzi 60 na kukatiwa tiketi moja ya kundi. Katika jedwali huo ni mstari mmoja. Mwandishi wa programu akiiagiza kompyuta ihesabu mistari, wanafunzi 60 watakuwa mgeni mmoja. Akiiagiza ijumlishe safu ya idadi ya watu, watakuwa 60. Amri zote mbili ni halali, na kompyuta haitalalamika. Lakini chati ya kwanza itawafuta watoto wa Kenya katika historia ya ngome yao, huku mtalii mmoja mmoja akibaki kama alivyo.

Lugha inayotumiwa kuiuliza hifadhidata maswali ya aina hii ni SQL, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao pia wa IBM. Kwa lugha hiyo, swali moja fupi laweza kuagiza tiketi zote zigawanywe kwa miezi, kila mwezi ujumlishiwe watu wake, kisha majibu yapangwe kuanzia mwezi wa zamani. Tiketi laki kadhaa hugeuka mistari kumi na miwili kwa mwaka, na mistari hiyo ndiyo malighafi ya chati.

Safari ya kufika kwenye skrini

Kivinjari cha msomaji hakiruhusiwi kuigusa hifadhidata moja kwa moja. Kati yao husimama programu inayokaa kwenye seva, iliyoandikwa kwa lugha kama PHP, Java au Python. Msomaji anapofungua ukurasa, programu hiyo huuliza swali, hupokea majibu na kuyafunga katika maandishi mepesi ya mfumo wa JSON, kisha huyatuma kwa kivinjari.

Zamani seva yenyewe ndiyo iliyochora. Ilitengeneza picha iliyokamilika na kuituma kama picha nyingine yoyote. Njia hiyo bado ina manufaa pale ambapo chati inahitajika kuchapwa au kutumwa kwa barua pepe. Siku hizi, hata hivyo, uchoraji mwingi hufanyika ndani ya kivinjari kwa msaada wa maktaba za programu kama D3, iliyotolewa mwaka 2011, na Chart.js iliyofuata mwaka 2013. Faida yake ni kwamba msomaji anaweza kugusa nguzo akaona tarakimu yake, au kuchagua mwaka mwingine bila kufungua ukurasa upya.

Tahadhari moja ni mwendo. Endapo kila anayefungua ukurasa ataifanya hifadhidata ihesabu upya tiketi za miaka ishirini, tovuti itazorota, na huenda hata karani anayekata tiketi langoni akacheleweshwa. Dawa yake ni kuwa na jedwali la muhtasari linalojazwa mara moja kila usiku, ambalo ndilo chati husoma.

Sifuri si sawa na pengo

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua kwa sababu linatokana na kisichokuwepo. Hifadhidata ikiagizwa kupanga tiketi kwa miezi, hutoa tu miezi iliyo na tiketi. Mwezi usio na tiketi hata moja haurudi na sifuri, haurudi kabisa. Grafu ya mstari basi huunganisha mwezi uliotangulia na ule uliofuata kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

Mfano ulio wazi ni mwaka 2020, ambapo makumbusho ya Kenya yalifungwa kwa umma kuanzia Machi kutokana na janga la Covid-19. Grafu isiyotayarishwa vyema ingeruka kipindi cha kufungwa na kuchora mteremko wa taratibu. Kumbe ukweli ni kwamba lango lilifungwa na mapato ya wanaolitegemea yakakatika ghafla.

Tiba yake ni kuweka jedwali la kalenda lenye kila siku ya mwaka, kisha kuliunganisha na jedwali la tiketi. Siku isiyo na tiketi hupewa sifuri waziwazi. Lakini hata hapo pana jambo la kupambanua. Siku ambayo lango lilikuwa wazi na hakuja mtu ni sifuri. Siku ambayo lango lilifungwa kwa amri inastahili alama yake yenyewe. Siku ambayo daftari lilipotea au mtambo uliharibika ni pengo, na pengo lapasa kuonekana kama pengo. Anayejaza sifuri mahali pa kumbukumbu zilizopotea huwazulia wageni kutokuja kwao.

Saa, miezi na Ramadhani

Kompyuta nyingi za seva huhifadhi wakati kwa kipimo cha kimataifa, ambacho kiko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Programu isiporekebisha tofauti hiyo, mgeni aliyeingia lango linapofunguliwa saa mbili asubuhi ataonekana kwenye chati akiwa ameingia saa kumi na moja alfajiri. Anayeijua Mombasa atacheka, lakini mtu aliye mbali anayepanga zamu za wafanyakazi kwa kutumia chati hiyo hatakuwa na la kumshtua.

Kalenda nayo ina mambo yake. Mji wa Kale huishi kwa kalenda mbili. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11, na kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2008 iliangukia Septemba. Mwaka 2024 ilianza Machi. Chati inayolinganisha Machi ya mwaka mmoja na Machi ya mwaka mwingine yaweza kuonyesha mporomoko ambao kisa chake ni mfungo tu, au ongezeko ambalo kisa chake ni kwamba Idi imeangukia humo. Likizo za shule hali kadhalika, kwa kuwa ratiba ya masomo ya Kenya ilivurugika kuanzia mwaka 2020. Jedwali la kalenda lililotajwa hapo juu ndilo mahali pa kuandika mambo haya, ili chati iweze kutia kivuli cha rangi hafifu kwenye siku za mfungo, za Idi na za likizo.

Mhimili unaokuza hofu

Uchaguzi wa umbo la chati una kanuni zake za zamani. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za mistari na chati za nguzo mwaka 1786, na chati duara mwaka 1801. Hadi leo mstari hufaa kuonyesha mwendo wa wakati, nguzo hufaa kulinganisha viwango, na duara hufaa kuonyesha mafungu machache ya kitu kimoja. Aina kumi za wageni zikibanwa katika duara moja, jicho hushindwa kutofautisha vipande.

Hatari kubwa ya nguzo ni mhimili usioanzia sifuri. Takwimu za taifa za utalii ni mfano mzuri. Mwaka 2007 Kenya ilipokea takriban wageni milioni 1.8 kutoka nje. Mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walikuwa takriban milioni 1.2. Hiyo ni pungufu ya theluthi moja, na ni pigo kubwa. Lakini baadhi ya programu zikiachiwa zijichagulie, huweza kuanzisha mhimili karibu na tarakimu ndogo. Mhimili ukianzia milioni 1, nguzo ya 2007 itakuwa na urefu wa 0.8 na ile ya 2008 urefu wa 0.2. Jicho litaona kuwa robo tatu ya wageni wametoweka. Mwenye duka akiamini mchoro huo anaweza kufunga biashara ambayo ingeweza kuvumilia.

Kwa sababu hiyo, chini ya kila chati pafaa kuwekwa jedwali la tarakimu zenyewe, tarehe ambayo data ilisasishwa mara ya mwisho, na jina la chanzo. Jedwali hilo humfaa pia msomaji asiyeona, ambaye kompyuta humsomea maandishi kwa urahisi kuliko picha.

Ulinzi na uwazi

Programu inayochora chati yapasa kuingia kwenye hifadhidata kwa ruhusa ya kusoma tu, na maneno anayoandika mtumiaji yasichanganywe kamwe na amri ya SQL, kwa kuwa hiyo ndiyo njia wanayoipenda wavamizi. Suala hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipoongeza kasi ya kuhamishia malipo ya huduma zake kwenye jukwaa la eCitizen, kwani malipo ya kidijitali hubeba majina na nambari za simu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa kama hizo zilindwe. Chati haihitaji jina la mtu yeyote. Inahitaji jumla tu.

Kenya si mgeni katika kazi hii. Julai 2011 serikali ilizindua tovuti ya data huria, ambapo mwananchi aliweza kuchagua jedwali na kulitazama kama chati. Mwaka huo huo wizara za afya zilianza kutumia kote nchini mfumo wa DHIS2, uliobuniwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambao huchora takwimu za zahanati na hospitali mtandaoni. Nayo ripoti ya uchumi ya kila mwaka ya Shirika la Kitaifa la Takwimu huorodhesha idadi ya wageni wa makumbusho na maeneo ya kihistoria, Ngome ya Yesu ikiwemo.

Data, kwa hiyo, ipo, na zana nyingi za kuichora hupatikana bila malipo. Kinachohitajika zaidi ni mtu anayejua lango hufunguliwa saa ngapi, mfungo umeangukia mwezi gani, na tiketi moja imebeba watoto wangapi. Bila yeye, chati itapendeza macho na kumpotosha anayeitegemea.