Jinsi dawa zinavyoondoa madini ya chuma yaliyozidi kwenye ini

Mtoto mwenye selimundu katika wilaya za Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, huongezewa damu pale upungufu unapotishia maisha yake, na malaria huuzidisha upungufu huo. Damu humwokoa. Hata hivyo, mfuko mmoja kamili hubeba takriban miligramu 200 za madini ya chuma, na mwili hauna njia yake wenyewe ya kuyatoa yanapozidi.

Sehemu kubwa huishia kwenye ini. Seli huyahifadhi ndani ya protini iitwayo feritini, lakini ghala hilo likielemewa, chuma kinachobaki huru huunguza utando wa seli. Kovu hujengeka taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Dawa za kunasa metali zimepewa jina la kitaalamu linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na ni jina linalozifaa. Molekuli moja ya deferoksamini huibana atomi moja ya chuma kutoka pande sita, kisha zote mbili hutoka kwa njia ya nyongo na mkojo, ambao huweza kugeuka mwekundu. Kwa kuwa hunasa hasa chuma kilicho huru, tiba huenda polepole: dawa hupitishwa chini ya ngozi kwa saa 8 hadi 12, siku 5 au zaidi kwa wiki.

Deferasiroksi humezwa mara moja kwa siku. Ni nafuu kubwa kwa mtoto, ila figo na ini lake lazima vipimwe mara kwa mara, kwani dawa yenyewe huweza kuvidhuru.