Ushahidi wa Macho na Habari za Madubwana

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Neno hilo ni la kweli, lakini halisemi kuwa kila atazamaye huona sawasawa. Katika kila taifa wapo watu wema, wasio na sababu ya kudanganya, waliosimulia kwamba wamemwona kwa macho yao mnyama ambaye hakuna aliyepata kumkamata wala kuuona mzoga wake. Habari hizo hufuatwa na watengenezaji wa filamu za mambo ya kweli, na vijana wetu wenye vyombo vya kunasa picha na sauti waweza kuifanya kazi hiyo hiyo. Yafaa basi tuangalie namna ya kuyapima maneno ya shahidi bila ya kumvunjia heshima.

Na tuanze Uskoti, ambako kazi hiyo imefanywa mara nyingi. Ziwa Loch Ness lina urefu wa kilometa 37 hivi, kina chake hupita meta 220, na maji yake ni meusi. Mnamo Mei 1933 gazeti la Inverness Courier lilitoa habari ya mnyama mkubwa aliyeonekana majini, na habari ikaenea upesi. Desemba mwaka huo gazeti la Daily Mail likamtuma huko Marmaduke Wetherell, mwindaji na mtengeneza filamu, ambaye mwaka 1925 alikuwa ametoa filamu ya maisha ya Livingstone. Haukupita muda akatangaza kwamba ameona nyayo ufukoni. Wataalamu wa jumba la makumbusho la London walipozichunguza wakasema ni nyayo za kiboko. Mguu uliokaushwa, wa aina iliyokuwa ikichukuliwa Afrika na kufanywa pambo la nyumba huko Ulaya, ulikuwa umegandamizwa matopeni. Aprili 1934 ikatolewa picha mashuhuri ya shingo ndefu iliyochomoza majini. Watu wengi waliiamini kwa miaka 60, hata mwaka 1994 ikabainika kwamba shingo hiyo ilikuwa ya bandia, imepachikwa juu ya kichezeo cha nyambizi, na aliyeitengeneza alikuwa mwana wa kambo wa Wetherell.

Hao walikuwa wadanganyifu, na mdanganyifu hukomeshwa kwa kufichuliwa. Jambo gumu zaidi ni la shahidi asiyedanganya. Mwaka 2003 BBC ilitengeneza filamu ya kuchunguza ziwa hilo. Wachunguzi walipima maji yote kwa mikondo 600 ya mawimbi ya sauti, wakiongozwa na setilaiti, wala hawakuona dubwana. Kisha wakazamisha nguzo ya ua majini, na watalii walipofika kwa basi wakaiinua mbele yao. Wengi waliohojiwa walisema wameona kitu cha mraba. Lakini walipoombwa kukichora, baadhi yao walichora kichwa cha dubwana. Watu hao hawakusema uongo. Walikuwa wamefika ziwani na sura ya mnyama imekwisha kukaa akilini mwao, na mkono ukachora kilichotarajiwa.

Turudi sasa nyumbani, maana sisi nasi tunaye mngwa, ambaye wengine humlinganisha na nunda. Kapteni William Hichens, yule yule aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939, alikuwa hakimu huko Lindi wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1937 aliandika katika jarida la Discovery habari za watu waliouawa usiku, na nywele za kijivu zilizokutwa mkononi mwa maiti, na mashahidi waliosema muuaji ni paka mkubwa kama punda. Vifo vilikuwa vya kweli, na hofu ilikuwa ya kweli. Lakini mngwa mwenyewe hakupatikana.

Je, tuishie hapo, kwa kucheka au kwa kuamini? Ndugu wasomaji, katika nchi hii swali hilo lina uzito wa roho za watu. Mwaka 2005 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa mno. Uchunguzi wao ulimfuata nguruwe mwitu. Nguruwe huingia mashambani mazao yanapoiva, mkulima hulala katika dungu ili kuyalinda, na simba amfuataye nguruwe humkuta mtu. Basi palipo na nguruwe wengi, hatari huzidi. Jibu la namna hiyo laweza kumwokoa mkulima, kwa kuwa linamwonyesha la kufanya. Kumtaja mngwa peke yake hakumwonyeshi lolote.

Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi watakaokwenda kwa wazee na chombo cha kunasia sauti wawahoji mashahidi mmoja mmoja. Waulize saa, umbali na mwanga. Waulize pia shahidi alikuwa amesikia nini kabla ya siku ile, na wamwombe achore kabla hajaonyeshwa picha yoyote. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na asichekwe.

Wala asiwepo wa kudhani kwamba shaka ya namna hii ni mali ya wageni. Katika Swahili Tales, kitabu alichokitoa Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, imo hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake aliyegeuka nunda mla watu. Mwana mdogo wa Sultani akaenda kumwinda. Kila alipoua mnyama alimburura hadi kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda. Mama akatazama, akasema siye. Akaletewa punda milia, akaletewa twiga, hata kifaru na tembo, na kila mara alimjibu mwanawe kwamba huyo siye nunda. Mama yule alimpenda mwanawe, wala hakukana kuwa nunda yupo. Alilotaka ni kuutazama mzoga kwanza.