Isaac Rosenberg: Mshairi Asiye na Cheo

Wahakiki wa fasihi ya Vita Kuu ya Kwanza hupenda kuwatia washairi wa Uingereza katika kapu moja. Sassoon, Owen, Rosenberg: wote eti "washairi wa vita", basi. Makala haya yanadai kwamba Isaac Rosenberg hahakikiwi hivyo. Sassoon na Owen walikuwa maofisa. Yeye alikuwa askari wa kawaida, maskini, tena Myahudi, na mambo hayo matatu yanaonekana katika kazi zake.

Hebu tuanze na historia. Rosenberg alizaliwa Bristol mwaka 1890, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Lithuania. Mwaka 1897 familia ilihamia Stepney, mashariki mwa London, mtaa wa wavuja jasho. Alipofika miaka 14 aliacha shule, akapelekwa kujifunza kazi ya kuchonga nakshi za kupigia chapa. Baadaye wafadhili walimlipia masomo ya uchoraji katika chuo cha Slade. Mwaka 1914, kwa sababu ya mapafu yake, alikwenda kwa dada yake Cape Town, na huko ndiko habari za vita zilikomkuta.

Alirudi, na Oktoba 1915 akajiandikisha jeshini. Kwa uzalendo? La hasha. Hakuwa na kazi, na sehemu ya fedha za askari ingemfikia mama yake. Katika barua zake anakana waziwazi kwamba uzalendo ndio uliomsukuma. Kwao walichukia vita, hata mama yake hakumuaga. Kwa ufupi wa kimo alitiwa katika batalioni ya watu wafupi. Dharau aliyoipata huko ndiyo dhamira ya shairi la "The Jew": kwa nini watu wanaoishi kwa amri za Musa wanamcheka mtu wa damu ya Musa?

Tukija kwenye "Break of Day in the Trenches", lililochapishwa katika jarida la Poetry la Chicago Desemba 1916, tunamkuta panya. Anagusa mkono wa Mwingereza, kisha atavuka kwenda kugusa wa Mjerumani. Wapo watakaosema kazi ya fasihi ijitegemee, na ni kweli picha hiyo inaeleweka bila wasifu wa mtunzi. Lakini ofisa huandika kwa huruma juu ya vijana aliowaongoza. Rosenberg hana wa kumwongoza. Anaitazama vita kutoka chini kabisa, usawa wa panya, na hapo fani na maudhui vinashikana.

Aliomba ahamishiwe kikosi cha Wayahudi, hakupata. Tarehe 28 Machi 1918 alimwandikia Edward Marsh barua yenye shairi lake la mwisho, juu ya Wayahudi wanaoitamani nchi yao ya kale. Aliuawa alfajiri ya 1 Aprili karibu na Arras, akiwa na miaka 27. Barua ilipigwa muhuri wa posta siku iliyofuata.

Mwaka 1985 jina lake liliandikwa katika kanisa la Westminster Abbey, pamoja na Owen na Sassoon. Anastahili heshima hiyo. Ila sisi tunaohakiki tusiache kuuliza: kati yao, nani aliandika akitoa amri, na nani aliandika akizitii?