Mbwa 'ilirudi' au 'alirudi'? Safari za anga na ngeli ya A-WA

MJUKUU wangu wa Gredi ya Tano alinijia likizo iliyopita akiwa na kijitabu alichokitoa kwenye rafu yangu. Jalada limechakaa na kurasa zimegeuka rangi ya chai. Alikuwa amekisoma hadi mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika.

"Shosho, hii mbwa ilirudi?"

"Sema, mbwa huyu alirudi," nikamjibu bila kuinua macho kwenye tasnifu ya mwanafunzi niliyokuwa nikiisahihisha.

"Haya. Mbwa huyu alirudi?"

Nikamwambia aende jikoni aangalie kama maziwa yamechemka.

Msomaji mpenzi, kijitabu hicho ni changu. Nilikiandika miaka ya themanini nikiwa mhadhiri kijana mwenye hamu ya kuwapa watoto hadithi za sayansi kwa Kiswahili. Kinasimulia safari ya Laika, mbwa wa kwanza kuizunguka dunia, na kinaishia kwa sentensi ambayo wakati huo niliionea fahari: kwamba Laika, baada ya kuitazama dunia kutoka juu, alilala usingizi mtamu asiamke tena. Nitairudia sentensi hiyo baadaye.

Kwanza tuliangalie lile nililomsahihisha. Walimu wa Kiswahili tumepigana vita virefu na 'hii mbwa', 'ng'ombe imepotea' na 'kuku yangu'. Kalamu nyekundu zimeisha wino. Sarufi iko wazi: kiumbe mwenye uhai, awe mtu, samaki au mdudu, huchukua upatanisho wa A-WA. Kitu kisicho na uhai hakimo. Mathalani, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jina lilitokana na siku yenyewe, maana ilikuwa Jamhuri Dei. Ilikwenda kuchunguza miale ya eksirei inayotoka mbali angani. Hakuna anayeweza kusema kwamba 'Uhuru alirushwa', labda awe anamzungumzia rais mstaafu. Uhuru ilirushwa. Laika alirushwa. Kiswahili kinamweka mbwa yule upande mmoja na Yuri Gagarin, na chombo upande wa pili.

Waliomrusha Laika walikuwa na kibarua kigumu kuliko sarufi. Walihitaji mwili wenye uhai ili kipimo kipatikane, na papo hapo walihitaji kuufikiria mwili huo kama sehemu ya mtambo.

Ikumbukwe kuwa katika miaka ya hamsini hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini iwapo moyo ungeendelea kupiga sawasawa, au chakula kingemezeka, mwili ukikaa muda mrefu bila uzito. Wamarekani walikuwa wamerusha nzi wa matunda mwaka 1947 kwa roketi ya V-2 iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani, na nzi wale wakarudi hai. Mnamo Juni 1949 wakamrusha kima waliyemwita Albert wa Pili hadi takriban kilomita 134. Parachuti ikakataa kufunguka. Hizo zote zilikuwa safari za kupanda na kushuka, dakika chache tu. Swali la siku nyingi lilibaki palepale.

Wasovieti walipendelea mbwa, tena mbwa koko wa mitaa ya Moscow. Sababu zao zilikuwa za kivitendo. Koko amekwisha kuzoeshwa njaa na baridi na maisha yenyewe. Walichagua majike, kwa kuwa jike hahitaji kuinua mguu anapokojoa na kifaa cha kupokea uchafu kinamkaa vizuri. Waliwafunza kwa kuwaweka katika vizimba vilivyozidi kuwa vidogo, hadi siku 15 na 20 mfululizo. Waliwazungusha katika mtambo wa kasi ili wazoee kulemewa kama roketi inapopaa, na wakawalisha chakula kilichogandishwa kama jeli kwa vile maji na makombo yangeelea ovyo chomboni.

Laika alikuwa na uzito usiozidi kilo sita hivi. Chombo chake, Sputnik 2, kilitengenezwa mbiombio katika muda usiofika mwezi mmoja, kwa sababu Khrushchev alitaka tukio la kuadhimisha miaka 40 ya Mapinduzi ya Oktoba. Hakikuwa na namna ya kurudi. Si kwamba kiliharibika. Tangu mwanzo hakikuundwa kirudi. Daktari aliyesimamia mbwa hao, Vladimir Yazdovsky, alimchukua Laika nyumbani kwake kabla ya safari akacheze na watoto wake. Aliandika miaka mingi baadaye kwamba alitaka kumfanyia jambo jema, maana siku zake zilikuwa chache. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado sijui niliweke wapi. Ni huruma? Ni kujiosha mikono? Labda ni vyote viwili, kama tunavyomchinjia mgeni mbuzi ambaye watoto walikuwa wamempa jina.

Alirushwa tarehe 3 Novemba 1957. Nyaya zilizounganishwa mwilini mwake zilituma habari ardhini: roketi ilipopaa mapigo ya moyo yalipanda zaidi ya maradufu na pumzi zikaenda mbio. Alipofika katika hali ya kukosa uzito, moyo ulianza kutulia, ila ulichukua muda mara tatu zaidi ya ule uliochukua katika majaribio ya ardhini. Hili ndilo jibu lililotafutwa. Kiumbe anaweza kufika kule na moyo wake ukaendelea kufanya kazi.

Lakini mfumo wa kupoza chumba ulishindwa. Joto likapanda kupita nyuzi 40. Saa tano hadi saba hivi baada ya kurushwa, hakukuwa tena na dalili za uhai. Ulimwengu uliambiwa vingine: kwamba aliishi siku kadhaa, kisha akafa bila maumivu. Chombo kiliendelea kuzunguka na mzoga ndani yake hadi Aprili 1958, kikaungua kilipoingia katika hewa nzito ya dunia. Ukweli ulitolewa hadharani mwaka 2002, katika kongamano mjini Houston, na mwanasayansi wa Urusi Dimitri Malashenkov. Miaka minne kabla ya hapo Oleg Gazenko, mmoja wa waliomfunza Laika, alikuwa amekiri kwamba anajuta, na kwamba walichojifunza katika safari ile hakikutosha kuhalalisha kifo cha mbwa huyo.

Waliomfuata Laika walikuwa na bahati zaidi. Belka na Strelka waliizunguka dunia Agosti 1960 pamoja na panya na sungura, wakarudi salama. Mtoto mmoja wa Strelka alipelekwa Marekani kuwa zawadi kwa familia ya Rais Kennedy. Wengi hawajui kwamba Belka alitapika katika mzunguko wa nne, na kwamba kutapika huko ni mojawapo ya sababu za Gagarin kupangiwa mzunguko mmoja pekee tarehe 12 Aprili 1961, dakika 108 kwa jumla. Miezi minne baadaye Gherman Titov akakaa zaidi ya siku nzima, naye akaugua kichefuchefu vilevile. Sikio la ndani, ambalo hutuambia juu ni wapi na chini ni wapi, huchanganyikiwa pale ambapo juu na chini havipo. Tofauti ni kwamba Titov aliweza kuwaeleza madaktari jinsi alivyojisikia. Kwa Belka walibahatisha kwa kutazama picha.

Na picha hudanganya. Mfano mzuri ni Ham, sokwe mtu aliyezaliwa katika misitu ya Kameruni, akakamatwa mdogo na kuuzwa Marekani. Katika kambi ya jeshi la anga huko New Mexico aliandikwa kama namba 65. Jina la Ham lilitangazwa aliporejea hai. Kifo cha namba hakingeumiza magazeti kama kifo cha mwenye jina. Mnajionea wenyewe kwamba si Kiswahili cha mitaani pekee kinachoweza kumwondoa kiumbe katika ngeli yake.

Ham alifunzwa kuvuta wenzo taa ikiwaka. Akipatia, hupewa kidonge chenye ladha ya ndizi. Akikosea, hupigwa shoti ya umeme kwenye nyayo. Tarehe 31 Januari 1961 alirushwa kwa dakika 16 na nusu hivi, juu zaidi na kwa kasi zaidi ya ilivyopangwa, na akaelea bila uzito kwa dakika sita na ushei. Katika yote hayo aliendelea kuvuta wenzo wake, akichelewa kidogo tu kuliko alivyokuwa ardhini. Kwa hivyo mikono na akili hufanya kazi huko juu, na Alan Shepard akaruhusiwa kwenda mwezi Mei. Chombo cha Ham kiliangukia Atlantiki na kikaanza kuingia maji kabla ya kuopolewa.

Alipotolewa, magazeti yalichapisha picha yake akiwa amekenua meno. Anatabasamu! Ameifurahia safari! Jane Goodall, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameanza kuwachunguza sokwe mtu wa Gombe kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, baadaye alieleza kwamba uso ule ni wa sokwe aliyeshikwa na hofu kuu. Wapigapicha walipotaka akae tena kwenye kiti chake wapate picha nyingine, Ham alikataa katakata, na wanaume kadhaa wakashindwa kumlazimisha. Nadhani hiyo ndiyo kauli yake pekee iliyo wazi kuhusu safari za anga.

Tangu hapo orodha imerefuka. Wafaransa walimrusha paka Félicette mwaka 1963 kutoka jangwa la Algeria. Alirudi hai, kisha akauawa miezi michache baadaye ili ubongo wake uchunguzwe. Kobe wa Kisovieti waliuzunguka mwezi Septemba 1968, kabla ya binadamu yeyote, wakarudi wamepungua uzito kwa asilimia 10 hivi lakini wana hamu ya kula. Mwaka 1973 buibui Arabella alipelekwa katika kituo cha Skylab kwa pendekezo la mwanafunzi wa shule ya upili, Judith Miles. Utando wake wa kwanza ulikuwa ovyo kabisa. Baada ya siku chache akafuma mwingine uliokaribia kuwa kama wa nyumbani, ingawa nyuzi zake zilikuwa nyembamba hapa na nene pale. Hakufunzwa na mtu wala hakupigwa shoti. Mimi nampenda huyu.

Na binadamu je? Tuna neno 'kuhimili' na tuna neno 'kuzoea', na si visawe. Mwili wa binadamu huzoea anga haraka mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Damu na maji hupanda kichwani, uso ukavimba na miguu ikakonda. Uti wa mgongo hurefuka. Mifupa, kwa kuwa haibebi tena mzigo, huanza kujipunguza, ile ya nyonga ikipoteza asilimia moja au zaidi kila mwezi. Mwili husema, kwa nini nigharimie nguzo nisizozihitaji? Nikolayev na Sevastyanov walikaa siku 18 katika Soyuz 9 mwaka 1970, na waliporudi ilibidi wabebwe kwani hawakuweza kusimama. Kuhimili ni kuukataza mwili usizoee. Ndiyo maana wanaanga wa leo hufanya mazoezi saa mbili hivi kila siku, wamefungwa mikanda ili wasiruke kutoka kwenye mashine ya kukimbilia. Valeri Polyakov, daktari aliyejitolea mwenyewe, alikaa siku 437 katika kituo cha Mir hadi Machi 1995. Alipotua, alitoka na kwenda kwa miguu yake hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akitaka ionekane kwamba mtu anaweza kufika Mirihi na bado akatembea.

Polyakov alijua kwa nini anakimbia saa zile zote. Alijua siku ya kurudi. Mnyama hajui hata kama kuna kurudi. Kwa hiyo ninaposoma makala yasemayo kwamba wanyama 'walihimili' safari za anga, kalamu yangu nyekundu husita. Laika hakuhimili, alihimilishwa. Kiswahili kinatupa viambishi vya kusema nani alitenda na nani alitendwa, na ni uvivu kutovitumia.

Sasa nirudie sentensi yangu. Nilipoiandika sikujua habari ya joto, lakini nilijua fika kwamba chombo hakikuwa na njia ya kurudi, nami nikaficha hilo ndani ya usingizi mtamu. Mwaka 2002 nilisoma ukweli. Muda mfupi baadaye kijitabu kilichapishwa upya na mchapishaji akaniomba marekebisho. Nilirekebisha koma tatu na upatanisho mmoja wa kisarufi. Usingizi nikauacha. Nilijiambia kwamba watoto ni wadogo.

Jioni ile, baada ya chai, nilimwita mjukuu wangu nikamweleza yote: joto, saa zile chache, na siku ambazo dunia iliambiwa bado yu hai. Alinyamaza kwa muda akipekuapekua ule ukurasa wa mwisho.

"Sasa Shosho, kwa nini haukuandika hivyo?"

Inafaa kuwa 'hukuandika'. Sikumsahihisha.